Uvumbuzi Hauanguki Kutoka Mtini

Kuna hadithi tatu ambazo mwanafunzi huzisikia hata kabla hajashika mizani ya maabara mkononi mwake. Ya kwanza ni ya Archimedes, Mgiriki wa kale, aliyeingia katika birika la kuogea, akaona maji yanamwagika, akatoka mbio uchi njiani akipiga kelele kwamba amepata. Ya pili ni ya Newton aliyeketi bustanini, tofaa likaanguka, naye mara akaijua nguvu inayoushika mwezi mbinguni. Ya tatu ni ya Kekulé, Mjerumani, aliyesinzia mbele ya moto, akaota nyoka anajiuma mkia, akaamka na umbo la kemikali iitwayo benzeni. Hadithi hizi ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake. Zinamfundisha kijana kwamba elimu kubwa huja kama mvua ya mawe: humwangukia aliyechaguliwa, na asiyechaguliwa hana la kufanya ila kutazama juu.

Nia yangu katika insha hii ni kuipinga imani hiyo. Sisemi kwamba wazo la ghafla halipo. Lipo, na nitalitaja mara nyingi. Ninalolikataa ni ile heshima linalopewa isiyokuwa yake. Wazo la ghafla halina uwezo wa kujijua kama ni kweli au ni uongo. Furaha inayokuja pamoja nalo ni ile ile, liwe wazo sahihi au liwe upuuzi mtupu. Mtu hutetemeka kwa shangwe vivyo hivyo. Kinachotenga kweli na upuuzi huja baadaye, nacho ni kazi ya kupima, kuhesabu, kurudia na kuandika, ambayo haina shangwe nyingi wala haifai kwa hadithi za jioni.

Tuzichunguze kwanza hizo hadithi zenyewe, maana ushahidi wake ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Habari ya birika la Archimedes tunaipata kwa Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika kiasi cha miaka 200 baada ya Archimedes kufa. Katika maandiko ya Archimedes mwenyewe juu ya vitu vinavyoelea hakuna birika wala kukimbia uchi. Kuna neno linalothibitishwa kwa neno lililotangulia, hatua kwa hatua, kama mtu apandaye ngazi. Newton alisimulia habari ya tofaa akiwa mzee. Mwaka 1726 alimweleza rafiki yake William Stukeley walipokuwa wakinywa chai chini ya miti ya matofaa. Yamkini ni kweli. Lakini tofaa hilo, kama lilianguka, lilianguka karibu na mwaka 1666, wakati tauni ilipokuwa imekifunga chuo chake, na kitabu kikuu cha Newton kilitoka mwaka 1687. Wazo lile lilingoja zaidi ya miaka 20 kuwa elimu, na halikuwa elimu mpaka alipolipima kwa mwendo wa mwezi, kwa njia za nyotamkia na kwa maji ya bahari yanavyokupwa na kujaa. Tofaa lenyewe halikuchukua hata dakika moja kufika chini.

Naye Kekulé aliitoa ndoto yake hadharani mwaka 1890, katika sherehe ya kumheshimu mjini Berlin, miaka 25 baada ya kuchapisha habari ya benzeni. Katika hotuba ile ile aliwaonya wasikilizaji wake wasizitangaze ndoto zao kabla ya kuzipima kwa akili iliyo macho. Wasimuliaji wameuchukua usingizi, wakaliacha onyo.

Mfano ulio bora zaidi kwangu hauko katika hadithi hizo tatu, nao unamhusu mwalimu wa shule. Johannes Kepler alikuwa na umri wa miaka 23, akifundisha hesabu katika mji wa Graz, katika nchi ya Austria. Tarehe 19 Julai 1595 alisimama mbele ya darasa akichora ubaoni duara lenye pembetatu nyingi ndani yake, kuonyesha mahali ambapo sayari mbili, Mshtarii na Zohali, hukutana angani. Mistari ya pembetatu zile ilipokatana ilifanya duara dogo katikati. Kepler akalitazama duara kubwa, akalitazama dogo, na mara moyo ukamruka: uwiano wake ulikaribia uwiano wa njia za sayari hizo mbili kuzunguka jua. Kutoka hapo wazo lilikua upesi. Siku zile sayari zilizojulikana zilikuwa 6, dunia ikiwa moja yake, na maumbo manene ambayo nyuso zake zote hulingana, kama mchemraba, ni 5 tu. Sayari 6 zina nafasi 5 baina yake. Basi, aliwaza Kepler, Mungu aliyatia maumbo haya matano baina ya njia za sayari, moja ndani ya jingine, na hiyo ndiyo sababu sayari ni 6 wala si 20 au 100.

Ni wazo zuri. Mtu hawezi kulisoma leo asivutwe nalo kidogo. Kepler alilia kwa furaha, akaandika kwamba hakuna maneno ya kutosha kuieleza, na mwaka 1596 akalitoa katika kitabu. Lakini wazo hilo ni kosa. Ni kosa tangu msingi hadi paa. Uranus ilionekana mwaka 1781 na Neptune mwaka 1846, na hata kabla ya sayari hizo kujulikana, maumbo matano hayakuweza kulingana barabara na vipimo vya anga. Nawaomba wasomaji walitafakari jambo hili. Hapa palikuwa na kila kitu ambacho wapenda hadithi hukitaka: kijana mwenye akili nyingi, nukta moja ya mwangaza, machozi ya furaha, hata tarehe aliyoiweka mwenyewe. Kilichokosekana ni kweli.

Sasa mtazameni mtu huyo huyo katika kazi ya pili. Mwaka 1600 alikwenda Prague kufanya kazi na Tycho Brahe, Mdenmarki aliyekuwa amezipima nyota kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote wa zama zake, bila darubini, kwa macho na vyombo vikubwa vya kupimia pembe. Tycho alikufa mwaka 1601, akamwachia Kepler madaftari yake na tatizo la sayari ya Mirihi. Kepler alishika njia waliyoishika wote tangu zamani, kwamba sayari huenda katika duara. Akahesabu. Akahesabu tena. Yeye mwenyewe ameandika kwamba hesabu moja katika kazi ile aliifanya si chini ya mara 70, na kwamba msomaji akichoka nayo afadhali amhurumie yeye aliyeifanya. Mwisho alipata duara lililolingana na vipimo vya Tycho vizuri kuliko alivyopata kufanya mtu yeyote kabla yake. Alipolijaribu kwa vipimo vingine, likapotoka kwa dakika 8 za pembe.

Dakika 8 za pembe ni kitu gani? Digrii moja ina dakika 60. Mwezi mpevu, tukiutazama kutoka hapa duniani, una upana wa dakika 30 hivi. Basi kosa la Kepler lilikuwa kiasi cha robo ya upana wa mwezi. Mtu mwingine angalisema kwamba Tycho alikuwa mzee, au kwamba mkono wake ulitetemeka, au kwamba usiku ule kulikuwa na ukungu. Kepler alijua jinsi Tycho alivyopima, akajua kwamba mtu yule hakosei kwa dakika 8. Akaitupa kazi yake ya miaka kadhaa, akaanza upya. Mwaka 1609 akachapisha kitabu kinachosema kwamba Mirihi haiendi katika duara. Huenda katika duaradufu, na jua haliko katikati yake. Vyombo tunavyovirusha angani leo hufuata hesabu iliyozaliwa na dakika zile 8. Hakuna kinachofuata michemraba ya Graz.

Naam, hata katika kazi hii ya pili palikuwa na nukta ya mwangaza. Siku moja Kepler aliona kwamba tarakimu 429, aliyokuwa ameipata kwa njia moja, imejitokeza tena kwa njia nyingine kabisa, na akasema alijiona kama mtu aliyeamshwa usingizini. Lakini ni nani awezaye kushtuka kwa kuiona tarakimu 429? Ni yule tu aliyekwisha kuishi na tarakimu hizo mpaka akazijua kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake. Sisi wengine tungeipita.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wanafunzi juu ya daftari la majaribio. Katika kazi yangu ya ualimu nimeyasahihisha madaftari mengi, na kuna alama moja ninayoijua kwa mbali: doa jeupe la kifutio kwenye jedwali la vipimo. Mwanafunzi amepima muda wa timazi kubembea. Vipimo vitano vimekaa juu ya mstari alioutazamia, cha sita kimekaa kando. Anatazama huku na huku, anakifuta cha sita, anaandika kingine kinachokubaliana na ndugu zake. Wenyewe wana neno la jambo hilo. Wanasema wamepika matokeo. Jikoni neno hilo ni la heshima, lakini katika maabara ni neno la aibu. Kepler alikuwa na dakika 8 za kupika. Angalizipika, hapana mtu ulimwenguni angalimjua, na sisi tungalikuwa bado tunazungushwa katika maduara.

Kwa nini kijana anafuta kipimo cha sita? Wengine watasema ni uvivu au hofu ya mtihani, na sehemu ya ukweli imo humo. Lakini naona kuna sababu iliyo ndani zaidi, nayo imetoka katika zile hadithi tatu. Tumemfundisha kwamba kweli hujulikana kwanza, kwa kuona mara moja, na kwamba upimaji ni sherehe inayofuata baadaye ili kuitukuza. Ikiwa kweli imekwisha kujulikana, kipimo kinachoipinga ni mgeni asiyealikwa. Anamtoa mlangoni.

Madhara ya pili ni makubwa zaidi. Nimewauliza walimu wanafunzi, watu wazima wanaojiandaa kwenda kufundisha sayansi, kwa nini waliacha fizikia au hesabu walipokuwa shuleni, na jibu nililolisikia mara nyingi kuliko mengine yote ni kwamba hawakuwa na kipaji. Ukiwabana waeleze kipaji ni nini, wanasema ni ile hali ya mtu kuliona jibu pale pale. Walimwona mwenzao mmoja darasani anainua mkono kabla mwalimu hajamaliza swali, wakajipima naye, wakafunga vitabu. Hakuna aliyewaambia kwamba mwenzao yule huenda alikuwa akiona pale pale yaliyo sawa na yasiyo sawa, kama Kepler mbele ya ubao wake. Nchi imepoteza wahandisi na matabibu wangapi kwa njia hiyo, hakuna awezaye kuwahesabu, maana aliyefunga kitabu haachi alama.

Wako watakaonijibu kwamba hesabu haizai. Watasema: mtu aweza kupima na kuandika miaka mia, na kama hamna cheche ndani yake atabaki karani wa tarakimu. Jibu hili lina nguvu, na sitalikwepa. Henri Poincaré, Mfaransa, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hesabu, ameeleza jinsi alivyokuwa akipanda gari la abiria katika mji wa Coutances, na mguu wake ulipokanyaga ngazi, jibu la tatizo lake likamjia bila kutafutwa, naye akawa na hakika nalo papo hapo. Wapenda cheche humtaja sana. Lakini wasome na maneno yake yanayofuata, aliyoyachapisha mwaka 1908: kwamba mwangaza huo huja tu baada ya siku nyingi za kazi ya makusudi iliyoonekana haina faida, kwamba baadaye mtu lazima akae chini aithibitishe, na kwamba hakika ile ya moyoni mara nyingine humdanganya mtu, wala haipungui ukali wake kwa sababu inadanganya. Kwa hiyo shahidi wao ni shahidi wangu.

Lakini sipendi kushindana kwa mifano ya Ulaya peke yake, kana kwamba huku kwetu hakukugunduliwa kitu. Tuchukue jambo lililotokea karibu, upande wa pili wa ziwa letu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe mahali pane katika taya zake: kulia na kushoto, juu na chini. Uvimbe wa upande mmoja waweza kueleweka, lakini wa pande nne kwa pamoja haukuelezeka. Baada ya wiki chache alikwenda Jinja. Akiwa katika hospitali ya huko alitupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine nje pamoja na mama yake, uso umevimba pande nne vile vile. Hapo cheche iliruka. Jambo likionekana mara moja laweza kuitwa ajabu. Likionekana mara mbili, hapana budi liulizwe sababu.

Je, hilo si wazo la ghafla? Ndilo, tena zuri. Lakini macho ya Burkitt hayakuwa ya kwanza kuiona sura ile. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikwisha kuwaandika wagonjwa wa namna hiyo katika kumbukumbu zake miaka mingi kabla. Akina mama waliwabeba watoto wao mgongoni wakapita nao mbele ya watu sokoni. Kuona hakukukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuliunganisha jambo moja na jingine na kutoliachia.

Burkitt hakuliachia. Alimchunguza mtoto wa Jinja mwili mzima, akazirudia kumbukumbu za maiti zilizochunguzwa Mulago, akagundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni ambao madaktari waliufikiria kuwa maradhi mbalimbali. Yalikuwa maradhi mamoja, saratani ya namna moja. Mwaka 1958 alichapisha habari za wagonjwa 38. Kisha akatengeneza vipeperushi vyenye picha, akavipeleka katika hospitali nyingi za Afrika kuuliza swali moja tu: mmepata kuuona ugonjwa huu? Majibu yalipokuja aliyatia alama juu ya ramani. Polepole alama zile zikafanya mshipi uliolizunguka bara upande huu na upande huu wa ikweta.

Kwa nini mshipi? Hapa mpenda cheche angaliketi kivulini akangoja. Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford, na kuanzia Oktoba 1961 wakaendesha kiasi cha kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakipita Kenya na Tanganyika mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiingia katika hospitali zaidi ya 50 na kuuliza swali lile lile. Watu huwaza safari ya uvumbuzi kuwa ya kupanda milima ya theluji. Safari hii ilikuwa ya vumbi, ya matairi yaliyopasuka na ya kuwasumbua madaktari waliochoka. Lakini tazama ilichokileta. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana penye mwinuko wa zaidi ya futi 5,000 hivi. Kwetu Kenya ulionekana kando ya Ziwa Victoria na pwani, ukawa nadra katika nyanda za juu. Na kadiri wasafiri walivyokwenda kusini, mpaka ule wa mwinuko ulizidi kushuka. Mlima wenyewe basi haukuwa sababu. Sababu ilikuwa joto: ugonjwa ulikoma pale baridi ilipoanza, ama kwa kupanda juu ama kwa kwenda mbali na ikweta. Mvua nayo ilikuwa na sehemu yake. Hakuna mtu, hata awe na akili ya namna gani, ambaye angaliweza kuliona jambo hilo akiwa dirishani Jinja.

Sasa njooni kwenye kipande ninachokipenda zaidi, kwa kuwa kinawapinga wapenda cheche kwa silaha yao wenyewe. Joto pamoja na mvua huleta mbu. Mtu yeyote wa Afrika Mashariki akisikia habari ya joto, mvua na ziwa, neno mbu humjia kabla hajafikiri. Wazo lilijitokeza lenyewe: mbu hubeba kirusi fulani, humwuma mtoto, mtoto hupata saratani. Huko London, Anthony Epstein aliyekuwa amemsikia Burkitt akihutubia Machi 1961 alianza kukitafuta kirusi katika vipande vya uvimbe vilivyoletwa kwa ndege kutoka Uganda. Alikosa kwa muda wa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakakipata. Kumbe wazo la mbu limeshinda? La. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kirusi hicho kimo karibu katika kila mtu mzima duniani, hata katika nchi za baridi zisizojua mbu wa malaria, na kwamba huenezwa kwa mate. Mbu hakukibeba kamwe. Hata hivyo mbu hakuachiliwa huru, kwa maana leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara utotoni huudhoofisha mwili usiweze kukidhibiti kirusi hicho, na mbu ndiye aletaye malaria. Wazo la ghafla lilikosea njia likagusa nyumba ya jirani. Kuitambua tofauti hiyo kumekuwa kazi ya miaka mingi na ya watu wengi ambao majina yao hayamo katika hadithi yoyote. Na wanaofaidika ni watoto: ugonjwa huo, uliowaua haraka, huitikia dawa vizuri ukiwahiwa.

Nimewapinga wapenda cheche, lakini siwaachi wapita salama wale wa upande wa pili, wanaoufanya utaratibu kuwa mungu. Hao nao wapo, na wengi wao ni sisi walimu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, mvulana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kawaida yao ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kungoja yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ikimalizika. Mpemba akayatia yake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule nyingine, aliulizia tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na neno hilo likawa mzaha wa darasa.

Mpemba hakulia wala hakungoja mwangaza. Aliuliza wauza aiskrimu wa Tanga, wakamwambia kwamba wao hutia maziwa ya moto ili yagande upesi. Akajaribu mwenyewe kwa maji, kwa vyombo viwili vidogo vya maabara. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja kuhutubia shuleni, Mpemba akasimama na kuuliza swali lile lile mbele ya wenzake, nao wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudisha habari kwamba kweli maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi.

Maneno ya fundi yule yangefaa kubandikwa ukutani katika kila maabara ya shule. Yeye na mwanafunzi mwenye kifutio ni mtu mmoja. Wote wawili wana utaratibu kamili, vyombo safi na jedwali lililopigwa mistari, ila wamekwisha kuamua ulimwengu utajibu nini kabla ya kuuliza. Na mwalimu aliyemcheka Mpemba alifanya vivyo hivyo kwa ulimi. Tena nasema kwamba kosa lao lina mzizi mmoja na kosa la wapenda cheche: wote wanaamini kwamba kweli hukaa kichwani mwa mtu, huyu kwa kuwa aliiona kwa ghafla, yule kwa kuwa aliisoma kitabuni.

Habari ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969, na kwa sababu hiyo jambo hilo linaitwa kwa jina la mvulana wa Magamba katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima. Lakini jina si ushahidi. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walilijaribu kwa uangalifu mkubwa, wakipima muda wa maji kupoa mpaka digrii 0, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto huwahi. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kwa sentimita 1 tu katika chombo, jibu laweza kugeuka. Wengine wanawapinga, wakisema kupoa ni jambo moja na kuganda ni jingine. Kwamba maji huweza kushuka chini ya digrii 0 bila kuganda. Kwamba barafu iliyokaa ndani ya jokofu huyeyuka chini ya chombo cha moto, kikagusa chuma baridi vizuri zaidi. Ubishi haujaisha. Shule yenye jokofu, vipimajoto viwili, saa ya ukutani na daftari lisilo na kifutio inaweza kuingia ndani yake muhula huu, na jambo la kwanza itakalolazimika kukubaliana ni hili: tutasema maji yameganda wakati gani, barafu ya kwanza inapoonekana, au tone la mwisho linapokwisha?